Maître wa Kule Juu

Nianze na miguu yake, kwa sababu ndiyo aliyohangaika kuificha. Kila asubuhi alishuka kutoka kwetu Cimpunda na kandambili za plastiki, suruali ameikunja hadi magotini, mkononi mfuko mweusi. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vimesuguliwa mpaka unaweza kuchana nywele ukijitazama humo. Akifika kwenye bomba lililo karibu na barabara ya lami, alinawa miguu, akaikausha kwa kitambaa, akavaa soksi, akavaa viatu, akakunjua suruali. Kandambili ziliingia mfukoni. Kutoka hapo hakuwa tena mtu wa Cimpunda. Alikuwa Maître, bwana wa kupokea wageni mlangoni.

Kufanya hivyo si kosa. Sote tunafanya. Cimpunda ni udongo uliobandikwa mlimani, na mvua ikinyesha njia zetu zinageuka uji. Ukishuka mjini na matope mguuni, watu wanajua mara moja umelala wapi. Kwa hiyo tunabeba viatu, tunanawa, tunavaa, na maisha yanaendelea. Ila sijawahi kuona mtu mwingine aliyenawa matope saa moja asubuhi, na saa nne akasimama kwenye mlango wa watu wakubwa kuwarudisha wenzake kwa sababu ya matope.

Mimi ni fundi cherehani. Nimemshonea makoti yake yote meupe, na koti ni kitu kinachomfunua mtu kuliko padri anavyomfunua. Bega lake la kushoto limeshuka. Alipokuwa kijana alibeba magunia bandarini, na magunia yalimwachia alama. Kwa hiyo upande huo niliweka pamba, safu juu ya safu, mpaka mabega yakalingana. Jambo hilo tulilijua wawili tu. Kila alipokuja kupimwa alifunga mlango wa kibanda changu mwenyewe, na kila mara alisema maneno yaleyale: "Papa fundi, bega unaijua." Nilikuwa naijua.

Mahali alipofanya kazi sisi tuliita Juu, basi. Lilikuwa gorofa la etaji tisa, yaani sakafu tisa kupandana, refu kuliko yote ya Bukavu, na kule kwenye etaji ya mwisho kulikuwa na restora na baa yenye vioo pande zote. Nimeambiwa kuna miji ambayo etaji tisa ni banda la kuku. Sisi tulilifanya hekalu. Bwana harusi ambaye hakupiga picha kule, ndoa yake ilionekana kama haijakamilika. Watu waliuza mbuzi wapande kunywa fanta moja, wakae nayo mchana kutwa, kisha washuke wakatuhadithie jinsi ziwa linavyoonekana. Ziwa lilelile ambalo tumelitazama tangu tuzaliwe, bure, tukiwa tumesimama chini. Asansere, ile lifti, ilifanya kazi msimu mmoja ikafa, na wenye pesa walipanda ngazi za etaji tisa wakihema, wakafika wamelowa jasho, wakaketi kujipepea na menyu.

Na menyu yenyewe! Sambaza, wale samaki wadogo ambao mama zetu wanapima kwa bakuli sokoni, kule waliitwa *friture du lac*. Walipangwa kumi na mbili kwenye sahani kubwa, na jani moja la kijani pembeni, sijui ni la mbuzi gani. Siku moja nilimuuliza Maître kama wale sambaza wakishapanda ngazi wanabadilika ladha.

"Papa fundi," akanijibu, "mugeni anakula kwanza na macho. Kinywa iko nafwata tu."

Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, na aliitoa polepole, kidole cha shahada kimeinuliwa. Mlango ndio restora, alisema. Mkono wa kupika ni bure kama mlango hauna mtu. Mtu anasomwa kuanzia chini kwenda juu. Mgeni hana kosa, ila amekosa mtu wa kumwongoza. Misemo hii aliisema mjini kwa Kifaransa cha puani, na kwetu kwa Kiswahili, na mama mkwe wake anasema hata usingizini aliisema kwa Mashi, lugha ya kwao. Ukiisikia mara ya kwanza unaona ni hekima. Ukiisikia mara ya mia unagundua kwamba yote inasema kitu kimoja, yaani kuna watu wa kuingia na watu wa kubaki nje, na yeye ndiye anayejua nani ni nani.

Nitatoa mfano mmoja tu, nao unatosha. Mwana mmoja wa Luhwindja alipata dhahabu, akatajirika, akaja kuoa mjini. Sherehe ilikuwa Juu. Baba yake, mkulima, alisafiri kwa lori na kwa miguu, akafika na koti la zamani na buti zilizojaa udongo wa kwao. Maître alimsimamisha mlangoni. Alikuwa na jozi moja ya viatu vya kuazimisha, vikubwa, alivyoviweka kabatini kwa ajili ya watu kama hao. Mzee alikuwa na miguu midogo. Aliingia kwenye harusi ya mwanawe akiviburura kama mtu anayetembea ndani ya ndoo mbili, na alipoinuka kuwabariki maharusi, kiatu kimoja kilibaki chini ya meza. Watu wakacheka. Unafikiri mwana alikasirika? Alimwendea Maître, akamshika mkono, akamshukuru kwa kumwokoa na aibu. Ndiyo maana nasema Maître hakujitengeneza peke yake. Mji mzima ulikuwa ukimpigia makofi.

Kwa wateja wake alisema anakaa Muhumba, kwenye nyumba za maua na walinzi. Jioni moja mteja akamwonea huruma kwa mvua, akampakia kwenye gari. Maître angefanya nini? Aliongoza gari hadi Muhumba, akachagua geti zuri, akashuka, akagonga kwa heshima, akampungia mteja mkono mpaka gari likaondoka. Mlinzi wa geti lile alikuwa jirani yetu wa hapahapa Cimpunda. Wakatazamana. Maître akavua viatu, akavitia mfukoni, akapanda mlima kwa miguu kwenye mvua. Kesho yake avenue nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa ikimwuliza kama amelala vizuri Muhumba.

Sasa, mtu huyuhuyu. Mvua ilipobomoa ukingo wa mlima wetu na tope likaingia kwenye nyumba tatu za avenue, nani alikuwa wa kwanza na pauro, yaani beleshi, mkononi? Yeye. Alichimba tangu asubuhi mpaka jua linazama, tope kiunoni, miguu wazi, bega lile bovu likifanya kazi kuliko mabega yangu mawili mazima. Alimtoa mama mmoja mzee kitandani akiwa hai. Hakuwahi kuzungumzia siku ile, na mjini hakuna aliyeijua. Wengine wanajificha wanapofanya ubaya. Yeye wema wake ndio aliouonea aibu, kwa sababu ulikuwa na matope.

Lakini nimeanza hadithi hii kwa ajili ya Nsimire, na sitaki wema wa Maître unipoteze njia.

Nsimire alikuwa binti wa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwanamke mzima, ana mtoto wake, anacheka kwa sauti mpaka mashine yangu inasimama. Kule Juu aliosha vyombo na kupara samaki. Mama yake, Maman Nsimire, ndiye anayeuza sambaza pale sokoni, kwa hiyo mama aliwauza samaki kwa bakuli na binti akaosha sahani zao kubwa.

Wanawake wa jikoni walikuwa na sheria yao, na mtunzi wa sheria alikuwa Maître. Walipanda kwa ngazi za nyuma. Kandambili zao zilibaki chini kabisa, zimepangwa mstari ukutani, matope yasifike juu. Kwa hiyo jikoni walifanya kazi miguu wazi juu ya vigae. Na miguu wazi haikukanyaga sale, ukumbi wa wageni. Sahani zilipitishwa kidirishani. Kati ya jikoni na sale palikuwa na mlango mmoja, na pale mlangoni vigae viliishia na zulia likaanza. Siku moja uma ulianguka upande wa pili, Nsimire akavuka hatua mbili kuuokota. Maître alimrudisha nyumbani juma zima. Aliporudi, alimfundisha mbele ya wenzake: hapa ni mwisho wako, mpaka mimi niseme. Tangu hapo Nsimire alisimama kwenye ule mstari kama vile mbele yake kuna shimo. Alituhadithia mwenyewe, akiigiza kidole cha Maître, na tulicheka sana.

Moto uliwaka Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka misa, sale imejaa familia za komunio. Mapipa ya mazutu, dizeli ya jenereta, yalikuwa yamewekwa kwenye ngazi za nyuma, kwa sababu mbele yangeharibu sura. Jinsi moto ulivyoanza, kila mtu ana lake. Kilichojulikana ni kwamba ngazi za nyuma zilishika kwanza, na moshi ukaingia jikoni.

Hapa lazima nimpe haki yake. Maître hakukimbia. Alisimama katikati ya sale, akainua sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, akawapanga wageni, akawateremsha kwa ngazi za mbele bila mtu kukanyagwa. Bibi mmoja hakuweza kutembea. Maître alimbeba mgongoni etaji zote tisa. Wageni wote walishuka hai, na watoto wao na keki yao. Waliokufa walikuwa wanne, na wote wanne walikuwa wa jikoni.

Ungeona kilio cha mji. Watu walijaa barabarani wakitazama vioo vikipasuka, wanawake wenye heshima wakalia machozi ya kweli. Kila redio ilisema Bukavu imepoteza Juu. Waliniletea oda ya fulana zenye picha ya gorofa. Ya gorofa! Sikuona fulana yenye sura ya mwanamke wa jikoni. Mpaka leo, ukipita pale na mgeni, mtu wa Bukavu ataelekeza kidole kwenye lile gofu jeusi, atapumua, ataanza kukumbuka terasi, na bia ilivyokuwa baridi, na machweo. Wale wanne hawaingii katika kumbukumbu. Walikuwa upande wa pili wa kidirisha.

Watatu walikutwa karibu na ngazi za nyuma. Nsimire peke yake alikutwa kwenye mlango wa sale, upande wa jikoni, hatua moja kabla ya zulia. Kwa hiyo kila mtu akauliza: kama alikuwa karibu hivyo na njia, kwa nini hakutoka?

Kwenye sherehe ya kuwakumbuka marehemu, iliyofanywa mbele ya wakubwa, Maître alipewa mikro. Alikuwa shujaa wa siku, koti jeupe, mabega sawasawa, nilikuwa nimeyashona mimi. Mtu akamwuliza swali lile. Akainamisha kichwa, akasema: "Maskini, alirudi kutafuta kitu."

Hakusema zaidi. Hakuhitaji. Mwanamke wa jikoni akirudi kutafuta kitu, watu wanajua kitu hicho si chake. Kufikia Jumatano alikuwa amerudia nyama. Jumamosi ilikuwa visu na uma za fedha. Mwezi haujaisha, Nsimire alikuwa amekufa amekumbatia sanduku la pesa la baa. Maman Nsimire akiwa sokoni na mabakuli yake, wateja walihesabu chenji mara mbili mbele ya macho yake. Mjukuu wake alirudi kutoka shule akamwuliza kama ni kweli mama aliungua kwa sababu ya nyama.

Kwetu kilio kina mwisho. Familia inakaa, wakati unafika, inakusanya watu, inapika, wenye msiba wanavua nguo za kilio, na marehemu anaachwa apumzike. Familia zile nyingine tatu zilifanya. Maman Nsimire alikataa. Alituambia wazi, akiwa amekaa mbele ya nyumba yake anapepeta unga: "Siwezi kumaliza kilio ya mwizi. Kama mutoto wangu ni mwizi, baniambie aliiba nini. Kama hapana, ule mwenye alisema aseme tena." Akabaki na nguo nyeusi, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Zilipauka, zikachanika, akaniletea nizitie viraka. Sijawahi kushona kitu kwa hasira kama nilivyoshona viraka vile.

Alimwendea Maître mwenyewe, si mara moja. Wanakaa avenue moja, wangekwepana vipi? Maître alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwambia, "Maman, tumuachie Mungu." Ni jibu la ajabu, kumwachia Mungu kitu ambacho unakijua mwenyewe.

Maana alikijua. Hilo tulilipata mwaka huu, kutoka kwa Zawadi. Zawadi naye alikuwa wa jikoni, ndiye pekee aliyetoka hai, na baada ya moto alikimbilia kwa dada yake anayekaa Sange, kule bondeni, asione jiko kubwa tena. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Maman Nsimire, akaniita na mimi niwe shahidi, akasimulia huku akitazama sakafu.

"Moshi ilikuwa mingi. Tulifika ku mulango ya sale, mi na Nsimire. Maître alikuwa anapita na ule bibi ku mugongo. Nsimire akamuuliza, Maître, tupite? Akasema, ngoja wageni batoke. Mi nilipita. Sikungoja, nilikuwa na bwoga. Nilimuvuta mukono Nsimire, nikamuambia twende. Akakatala. Akasema, anasema tungoje."

Maman Nsimire hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa na kitu mu mikono?"

"Hapana, maman. Mikono ilikuwa bule, bila kitu."

Utasema basi, ukweli umepatikana, mji utatubu. Mji ulisema Zawadi anamfunika rafiki yake. Neno la mwosha vyombo juu ya neno la Maître aliyebeba bibi mgongoni! Hata hapa Cimpunda, watu wenye matope kama sisi, waliguna. Mwenye kulifuta neno lile alikuwa mtu mmoja tu, aliyelisema.

Sisemi alimuua. Nimelifikiria sana nikiwa kwenye mashine, na sisemi hivyo. Alikuwa na mtu mgongoni, moshi machoni, na kinywa chake kilitoa maneno ambayo kilizoea kutoa kila siku. Wageni kwanza. Pengine alidhani atarudi. Pengine alidhani watamfuata. Lakini Nsimire alikufa kwa kumtii, na yeye akampa malipo ya jina la mwizi. Kwa hilo nilimdharau, na sioni haya.

Mvua za mwaka huu zilipoanza akaja kibandani kwangu. Akafunga mlango kama kawaida.

"Papa fundi, Patron mwenye Juu anafungua tena. Gorofa ingine, etaji ya sita. Ananiita ku mulango. Niko na lazima ya koti. Bega unaijua."

"Ninaijua," nikasema. "Lakini sitakata kitambaa."

"Juu ya nini?"

"Juu ya Maman Nsimire."

Akaketi kwenye gunia la vipande. Alikuwa amezeeka, na bila koti lile bega lilionekana. "Mi sikusema ni mwizi," akasema. "Nilisema alirudi kutafuta kitu. Batu njo balisema ingine."

"Ulisema na mikro mu mukono, papa. Batu banajua kumalizia."

"Kama ninasema nilimuambia angoje, Patron atasema mi njo niliua mutu. Atatafuta ingine Maître."

"Basi nenda kwa fundi mwingine."

Tulijua wote wawili kwamba hawezi. Angemweleza fundi mwingine nini, na angevua shati mbele ya nani? Mtu aliyekataa kusema ukweli kwa ajili ya mama mwenye msiba, kwa ajili ya mtoto, hata kwa ajili ya roho yake mwenyewe, nilimwona akianza kuulainikia kwa ajili ya pamba. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

"Nitamuambia yeye," akasema mwisho. "Yeye peke yake. Ku pembeni."

"Mwambie," nikasema. Hesabu yake niliiona: mama atatulia, mimi nitakata kitambaa, na Patron hatasikia.

Alichagua Jumapili alasiri, akidhani mama atakuwa peke yake. Hakujua kwamba Jumapili mamans wa sala wanakutana pale. Nyumba ilikuwa imejaa, Zawadi yumo, mimi nimepewa kiti karibu na mlango kwa sababu nilikuwa nimeleta nguo yenye kiraka kipya. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tukasikia hodi.

Alikuwa amesimama nje, suruali imekunjwa, miguu mitupu, imevaa matope mpaka juu ya vifundo. Kandambili zilikuwa zimenaswa na kukatika njiani. Mkononi mfuko mweusi. Viatu vilikuwamo, vikavu, safi. Ila kwa Maman Nsimire hakuna bomba, na mtu hawezi kutia mguu wa namna ile ndani ya kiatu cha namna ile. Alitazama sakafu ya saruji ya mama, iliyosuguliwa kwa ajili ya sala. Akatazama wale wanawake wote. Akarudi nyuma nusu hatua.

"Samahani, maman," akasema kwa adabu yake yote. "Nilikuwa na neno kidogo. Si haraka. Nitangoja wageni batoke."

Sijui kama aliyasikia maneno yake mwenyewe. Zawadi aliyasikia kwa niaba yake, maana alifunika uso kwa kitenge. Wale mamans ambao walikwisha kusikia hadithi ya Zawadi waliacha kuimba, na wengine wakanyamaza kwa sababu wenzao wamenyamaza. Maman Nsimire aliinuka. Ni mfupi, na kile kitambaa cheusi kilimfanya mfupi zaidi.

"Hapana, Maître," akasema. "Leo wageni babakie."

Nilimwona akitafuta njia. Angeweza kusema amekuja kutoa pole, au kununua sambaza. Mdomo wake ulifunguka, na nikawa tayari kusikia Kifaransa. Akauangalia mfuko wake. Kisha akauweka chini, kwenye matope, viatu na vyote.

"Aliniuliza," akasema. "Nsimire. Aliniuliza kama bapite. Nikamuambia angoje wageni batoke. Akangoja." Sauti ilikuwa ya kawaida, ya Cimpunda, haina pua. "Hakurudi kutafuta kitu. Hakukuwa na kitu. Mi njo nilisema vile, juu nilisikia aibu."

Maman mmoja, ambaye nilimsikia kwa masikio yangu akieleza habari za sanduku la pesa, alianza kulia kwa sauti kubwa kuliko wote. Maman Nsimire hakumtazama. Alikuwa akimtazama mtu aliye mlangoni, aliyesimama hasa pale saruji inapoanza, vidole vya miguu vimejikunja visiguse. Alimtazama muda mrefu, nami nilisubiri amfukuze, kwa kuwa ndivyo ningefanya mimi.

"Pita, Maître," akasema.

"Niko na matope, maman."

"Ninaona. Pita vile vile."

Akapita. Zawadi akampisha kiti. Sala iliendelea, vibaya, kila mtu na wimbo wake, na yeye aliketi katikati ya wanawake bila koti, bega limeshuka, akitazama alama za nyayo zake kutoka mlangoni hadi alipokaa.

Koti nilimshonea, kwa kuwa alikuwa amesema. Habari zilifika kwa Patron kabla ya Jumanne, kama habari za Cimpunda zinavyofika, na unajua alisema nini? Hakusema kitu. Aliuliza tu kama Maître ataanza Ijumaa. Jina la mwosha vyombo lilikuwa limemhusu lini? Miaka miwili mwanamume yule alimzika Nsimire chini ya uongo ili kujilinda na ghadhabu ya tajiri ambaye hakuwa na habari naye. Sasa yuko mlangoni kwake, etaji ya sita, anasoma watu kuanzia chini kwenda juu, na wanasema wanawake wa jikoni wanavaa kandambili zao ndani. Sijapanda kuhakikisha, na sitapanda.

Maman Nsimire alimaliza kilio Jumamosi ya juma lile. Alipika sambaza, bakuli kwa bakuli, hakuna jani pembeni. Ile saruji yenye nyayo za Maître hakuiosha mpaka asubuhi ya siku hiyo.